Ngome Moja, Wajane Wawili

Kitu cha kwanza alichokiona Apollonia ni kofia. Ilikuwa kofia nyeupe yenye utepe mweusi wa mjane, imeanikwa kwenye dirisha la juu la ngome ya Dornbach. Gari lao lilipita chini ya ukuta, farasi wakiukwea mlima kwa taabu. Apollonia alifungua mdomo amwambie baba yake, kisha akaufunga. Bwana Wendel wa Weidenstein alikuwa amesinzia, mikono juu ya tumbo. Na hata angekuwa macho, bintiye hakuwa mtu wa kuanzisha maneno. Miaka kumi na minane alikuwa amekaa katika nyumba ya baba yake kama kiti cha pembeni.

Asubuhi ya pili yake walikaa mezani kwa bwana harusi, kwenye ukumbi wa Lauterfels, pande mbili kama watu wanaouziana farasi. Upande huu alikaa baba yake. Upande wa pili alikaa Bwana Asmus, bwana harusi mwenyewe, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na kikohozi kisichosikia dawa. Mwishoni mwa meza alikaa Bibi Veronika, mjane wa marehemu kaka yake Asmus. Alikuwa na miaka thelathini hivi, na alikuwa akimenya tufaha kwa kisu kidogo. Kichwani alivaa kofia nyeupe. Utepe wake ulikuwa mweusi.

Daktari Hunold, msomi wa sheria na karani mkuu wa Lauterfels, akausoma mkataba kwa sauti ya kanisani. Bibi harusi ataapa kuacha urithi wote wa kwao, ardhi, misitu na vijiji, viwe vya kaka zake na wana wao daima. Na kwa kuwa kwao hatakuwa tena na kitu, mumewe akitangulia kufa atapewa makao ya ujane: ngome ya Dornbach, pamoja na bustani yake, kuni zake na samaki wa bwawa lake, mpaka mwisho wa maisha yake.

Kisu cha Bibi Veronika kikasimama katikati ya tufaha.

"Haya, mwanangu," baba akasema. "Weka mkono kifuani uape, tukale."

Ndivyo mabinti wa nyumba kubwa walivyoapa, mkono juu ya moyo. Dada zake wawili waliapa hivyo hivyo, wakaondoka. Apollonia akaiingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

"Unaapa kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu?" Hunold akauliza, kalamu tayari. Aliuliza bila kuinua macho, kwa sababu mabinti hawajibu, huinamisha kichwa tu.

"Hapana."

"Amesema nini?" Bwana Asmus akaweka kiganja sikioni.

"Amesema hapana, shemeji," Veronika akajibu, akarudi kwenye tufaha lake.

Bwana Wendel akacheka. "Ana haya huyu. Hajazoea watu. Apollonia, mkono kifuani."

"Dornbach ina mtu, baba."

"Mtu gani?"

"Bibi Veronika. Jana niliiona kofia yake dirishani."

Hunold akaanza kupekua karatasi zake, masikio yakimwiva. Miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa ameandika mkataba wa ndoa ya Veronika, ukasifiwa na kila mtu. Basi alipoambiwa aandike mwingine, aliutoa ule wa zamani kabatini, akaunakili neno kwa neno, akabadilisha majina ya maharusi tu.

"Na bwawa lenyewe lilikauka mwaka juzi," Veronika akasema. "Samaki wa mwisho nilimla mimi, alikuwa na miba mitupu. Lakini karibu, mdogo wangu. Kuna chumba kimoja kisichovuja. Tutalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pako."

"Mnakuza jambo!" Asmus akapiga meza. "Mimi sijafa!"

"Bado," Veronika akasema.

Asmus akataka kumjibu, kikohozi kikamkaba. Kilipomwachia, akamgeukia karani. "Andika kwamba siku hiyo ikifika, Veronika atahama."

"Nitahamia wapi? Mkataba wangu unasema mpaka kaburini. Una mihuri sita, na mmoja ni wako."

Bwana Wendel akamwinamia bintiye, akamnong'oneza kwa meno yaliyofungwa. "Apa kwanza. Mengine tutayapanga wanaume wenyewe. Asmus ni mtu wa heshima."

"Akishakufa, heshima yake nitailalia wapi?" Apollonia hakunong'ona.

"Nitakurudisha nyumbani leo hii!"

"Nirudishe, baba. Sijaapa. Nitarudi na haki yangu yote, misitu na vijiji, nigawane na kaka zangu."

Rangi ikamtoka Bwana Wendel usoni. Apollonia akazidi kuikalia mikono yake.

"Ng'ombe tisa wameshachinjwa," Asmus akalalamika akiitazama dari. "Wageni wako njiani. Sema, binti, unataka nini?"

"Rehfeld."

"Rehfeld! Nyumba yangu ya kuwindia? Nimeijenga mwenyewe! Ina paa jipya, ina majiko manne ya vigae!"

"Najua. Jana wakati wa chakula ulituambia mara tatu."

Veronika akacheka mpaka akaweka kisu chini. Asmus akamtazama Apollonia kwa muda mrefu, kama mtu aliyenunua kondoo akakuta ana pembe. Kisha naye akatabasamu kidogo, bila kupenda.

"Andika Rehfeld," akasema.

"Na msimamizi wa Rehfeld aje na watu wake," Apollonia akaongeza, "waniapie mimi kabla sijaapa mimi. Waape kwamba ukifa hawatamfungulia mtu mwingine lango."

"Ni safari ya saa tatu!"

"Nitasubiri."

Akasubiri kweli. Supu ya kabichi ikaletwa, hakuinywa, maana kulishika bakuli kungemlazimu atoe mikono. Baba yake alitoka, akaingia, akatoka tena. Veronika akasogeza kiti, akaketi karibu naye.

"Mimi nilipoapa nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema polepole. "Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nawaza viatu vyangu."

Alasiri akafika msimamizi wa Rehfeld na wazee saba wa kijiji, matope mpaka magotini, wakaapa wote. Hapo ndipo Apollonia alipotoa mikono. Ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi mkono wa kushoto uubebe wa kulia mpaka kifuani. Akaapa kuacha ardhi, misitu na vijiji. Hunold alipouliza kama ni kwa hiari yake, akajibu kwa sauti kwamba ndiyo, na karani akaandika. Nta nyekundu ikamiminwa.

Bwana Wendel akangoja mpaka muhuri wa mwisho ugandamizwe. Alikuwa amepata alichokitaka, na bado alikuwa anahema.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema. "Nani amekufundisha haya? Mtoto asiyejua hata kusoma vizuri!"

Watu wakageuka. Apollonia aliiona njia ya zamani iko wazi mbele yake: kuinamisha kichwa, kunyamaza, jambo lipite. Akamtazama baba yake machoni.

"Shangazi Euphemia," akasema. "Aliporudi kwetu akiwa mjane, ulimwonyesha karatasi yake ya kiapo. Ukamwambia ameapa, kwa hiyo hana chumba, hana kuni, anakaa kwa huruma yako. Ukamweka kwenye dari juu ya banda la farasi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea supu. Kanisani ulitangaza kwamba ameuawa na homa. Hakuwa na homa, baba. Nilimshika mkono. Alikufa kwa baridi, nyumbani kwa kaka yake, na kuni zilikuwepo."