Chumba Kisichovuja Sauti

"Iondoe hiyo karatasi usoni pangu," nilisema. "Mara ya tatu hii nakwambia."

"Soma kwanza, Mama Mayasa. Ukisha kusoma, piga kelele," alisema Sorin kwa Kiingereza, maana ndicho tunachozungumza naye.

"Nimesoma. Unadhani Tanga hatukufundishwa kusoma?"

Sorin, mpangaji wangu wa Kiromania, alikuwa amekalia kiti chake cha ofisini mbele ya mashine zake za kurekodia, karatasi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Hakuinuka. Mtu amekuja nyumbani kwako, anaishi kwenye gereji yako ya Turffontein mwaka wa pili sasa, halafu anakupa kalamu akiwa amekaa. Binti yangu Mayasa alisimama katikati yetu, kichwa amekiinamisha, anakwaruza rangi ya kucha. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi. Jikoni nilikuwa na pilau ya watu themanini, na nilishaanza kusikia harufu ya kitunguu kinachotaka kugeuzwa.

Karatasi ilisema kwamba mimi, mwimbaji, naruhusu sauti yangu itumike katika wimbo wa kumi na moja wa albamu yake. Kampuni ya Bucharest ilitaka sahihi yangu kabla ya jioni. Bila sahihi, wimbo hautoki.

Wimbo wenyewe alikuwa amenisikilizisha muda huo huo. Kwanza ngoma. Nikajisemea, ngoma hii naijua. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, nene kidogo, ya mtu aliyezoea kuamrisha. Ilikuwa yangu. Juu yake Sorin anafoka rap kwa Kiromania, na Mayasa anaitikia kwa Kiingereza.

Maneno niliyokuwa nikiimba siyaandiki hapa. Ni ya unyago. Ni maneno ambayo wanawake humfundishia mwari siku chache kabla hajaolewa, mlango umefungwa, na mwanamume hayasikii hata kama ndiye anayeoa. Mimi ni somo, yaani ndiye ninayemfunda mwari. Hapa Johannesburg tuko masomo watatu kutoka Tanga, na mimi ndiye mdogo wao. Kazi hii nilipewa na Bi Mwatumu, mkubwa wetu, ambaye hampi mtu kazi kwa kumwonea huruma.

"Uliturekodi lini?" nilimuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Mwaka jana, mwezi wa nane. Shughuli ya yule bibi harusi mfupi."

"Ana jina. Anaitwa Mwanahamisi."

"Mashine ilikuwa inawaka. Mimi huwa naiacha inawaka siku zote. Sikupanga."

"Na kusikiliza? Kukata? Kubandika? Hayo nayo yalijipanga yenyewe?"

Hapo akazitazama kuta, kisha akanitazama mimi. Nilijua anachofikiri. Chumba nilikichagua mimi.

Hili ni lazima nilieleze. Unyago una ngoma, na ngoma Johannesburg ni kesi. Mwaka 2015 tulimfunda mwari kwenye fleti ya Bertrams, ghorofa ya tatu. Tulipofungua mlango asubuhi tulikuta wanaume saba wamekaa kwenye ngazi, wengine na simu wameziinua. Mwaka uliofuata jirani aliita polisi. Wanawake wakaanza kusema tuache, tumfunde mwari kwa kunong'ona kama tunaiba. Ndipo nikawaambia: jamani, mimi nina gereji nyuma ya nyumba. Yule Mromania ameziba kuta kwa magodoro na mbao, mlango wake mzito kama wa jokofu la bucha. Mle ndani ukipiga ngoma, aliye uani hasikii kitu. Nilijisifu. Nilisema, mimi nimesoma chuo, natumia akili. Sorin mwenyewe alimbebea Bi Mwatumu ngoma kutoka kwenye gari, akaiweka chini, akaenda zake. Basi tukafunga mlango, tukajiona tumemaliza, ndani ya chumba ambacho kila ukuta wake umejengwa ili kisipotee hata kikohozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ile taa nyekundu ni ya nini. Mimi nilidhani ni ya kuchaji.

"Futa," nilimwambia sasa. "Futa mbele yangu, nirudi kwenye pilau yangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mama, sikiliza kidogo," alisema Mayasa. Anakielewa Kiswahili, lakini akikasirika au akiogopa anakimbilia Kiingereza. "Huu ndio wimbo bora kwenye albamu. Hata wale wa Bucharest wamesema. Please."

"Nani alimfasiria maneno?"

Akarudi kwenye kucha.

"Nimekuuliza, Mayasa. Huyu hajui Kiswahili zaidi ya 'chai' na 'kesho nitalipa'. Nani alimwambia nasema nini?"

"Eish, Mama. Ni wimbo tu."

"Umefasiria yale maneno kwa mwanamume?"

"Si yote! Mengine hata mimi sikuyajua maana yake."

Sijui ni lipi lilinichoma zaidi, alichojua au alichokuwa hajui.

Sorin akaona mwanya, akaingia. "Unaona? Binti yako mwenyewe hayajui. Ukifa, yamekwisha. Nani atayaimba? Mimi nimeyaokoa."

"Umeyaokoa! Mwizi wa kuku naye atasema amemwokoa na mvua."

"Bibi yangu alikuwa kama wewe," alisema, na mara hii akainuka. Ni mrefu, mwembamba, nywele zimeanza kumwacha mbele. "Galaţi, kwetu, baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Kila kitu kilikuwa na kutu, hata nguo kwenye kamba. Mimi na rafiki yangu Relu tulikuwa tunafoka kwenye ngazi za jengo letu kwa sababu zilikuwa na mwangwi. Jina langu la kisanii ni Rugină. Maana yake kutu. Unajua tulikuwa na nini? Kinasa sauti kimoja, cha kaseti. Babu alipokufa, bibi alimlilia kwa kuimba mbele ya jeneza, kama wanavyolia wanawake wa kijijini kwao. Nikamrekodi. Nikaweka ngoma chini yake. Mwaka 2006 ulikuwa hupiti mtaa Romania bila kuusikia wimbo ule. Kwenye magari, kwenye saluni, kila mahali. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na watu wananisimamisha barabarani. Leo bibi hayupo. Sauti yake iko wapi? Iko kwangu peke yangu. Alifurahi sana, bibi."

"Hakufurahi," alisema Mayasa.

Tulimgeukia wote wawili.

"Uliniambia mwenyewe," Mayasa akamwambia. "Mwezi wa kumi na mbili, ulipokuwa umelewa. Ulisema aliusikia dukani, kwenye foleni ya mkate. Akaacha mkate akarudi nyumbani. Ulisema hakumlilia tena maiti yeyote kijijini, na shangazi yako akakushtaki, na wimbo ukaondolewa madukani. Ulisema Relu naye akakuacha. Sasa kwa nini unamwambia mama alifurahi?"

Sorin alimtazama kama mtu aliyeumwa na paka wake mwenyewe. "Hayo nilikwambia wewe."

"Na yule bibi naye alikuwa anamwambia babu."

Sikumpongeza. Lakini nilimsogelea, nikasimama upande wake.

"Kumbe ndiyo maana wanataka karatasi," nilisema. "Walishachomwa na wewe mara moja."

"Ndiyo!" Alipiga meza, kikombe kikaruka. "Ndiyo, wanataka karatasi! Miaka kumi na miwili hakuna aliyenipokelea simu. Nilikuwa natengenezea wengine nyimbo, majina yao makubwa, langu kwa herufi za kusomwa kwa miwani. Nimekuja hapa 2015 kwa mwezi mmoja, tangazo la magari, kampuni ikafa kabla ya tangazo. Unajua nimefanya nini tangu hapo? Kwaya za Wakongo. Matangazo ya spaza, vijiduka vya Soweto. Nimerekodi mtu akinadi viazi! Sasa mara moja, mara moja tu, wameniambia, Rugină, hiki ni kitu. Na wewe unaniambia futa."

"Futa."

"Huna huruma."

"Ninayo. Ninamhurumia Mwanahamisi. Sauti yake imo humo, nimeisikia. Aliuliza swali. Mwari huuliza mara moja tu maishani, siku ile, na hulia. Na wewe umeliweka pale ngoma inapopanda. Mumewe Khatibu anauza simu katikati ya mji na spika mbili mlangoni, kila wimbo mpya anao. Siku akimsikia mkewe anauliza vile mbele ya wateja, utaenda kumsaidia?"

"Hatajua ni yeye."

"Mwanamume asijue sauti ya mkewe?"

Akashusha pumzi. Akaketi tena. Aliposema, sauti yake ilikuwa imepoa, na hapo ndipo nilipojua kwamba aliyokuwa akiyasema mwanzo yote ni utangulizi.

"Sawa. Tuzungumze kama watu wazima. Utatia sahihi. Mimi nitaibadilisha sauti yako, na yake, ziwe nzito, mtu asizitambue. Hakuna atakayejua. Wewe utabaki somo, Mayasa atakuwa na wimbo, mimi nitakuwa na albamu."

"Na nisipotia?"

"Namba ya yule mama mwenye ngoma ninayo. Mwatumu. Nitamtumia kipande. Kama kilivyo, bila kubadilishwa. Nitamwambia nani alichagua chumba. Nani aliwaambia wenzake, humu hakuna atakayesikia." Akaiweka kalamu juu ya karatasi, taratibu. "Watakufanya nini, Mama Mayasa? Wewe ndiye unayejua."

"Sorin," alisema Mayasa. "What the hell?"

"Kaa kimya. Nazungumza na mama yako."

"Usimwambie mwanangu akae kimya kwenye gereji yangu."

Nilikuwa najua watakachonifanya. Hawatanipiga, hawatanitukana. Wataninyang'anya kazi. Shughuli zikija sitaitwa, na nikija bila kuitwa watanipa kiti karibu na mlango, pamoja na watu wa kuosha vyombo. Huku ugenini mimi sina ukoo. Nina wale wanawake. Nilipofiwa na mume walikaa kwangu siku arobaini kwa zamu, na hakuna aliyeniuliza kesho watakula nini.

Na ukweli niuseme: niliitazama kalamu. Mstari mmoja. Atazibadilisha sauti, hakuna atakayejua. Mtu anayesema hakuwaza hivyo hajawahi kushikwa pabaya.

Lakini mimi napika vyakula vya shughuli miaka tisa, na mteja wa namna hii namfahamu. Anayekutisha kwa siri leo, kesho atarudi na siri ile ile, na kesho kutwa. Leo sahihi, kesho sauti nyingine, mwari mwingine. Siri hii ilikuwa na nguvu kwa sababu moja tu: Bi Mwatumu alikuwa hajaijua.

Nikatoa simu kwenye mfuko wa aproni.

"Unampigia nani?" Sorin aliuliza.

Nikaiweka spika ili wote wasikie. Ililia mara mbili.

"Mama Mayasa," ilisema sauti ya Bi Mwatumu, nyuma yake maji ya bomba yanamwagika. "Pilau haijaungua?"

"Itaungua, Bi Mwatumu. Nina jambo, na nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa. Siku ya Mwanahamisi, kwenye gereji yangu, mashine zilikuwa zinarekodi. Yule Mromania ametuchukua sote. Ametia kwenye wimbo wake, na Mayasa amemfasiria. Anataka nitie sahihi utoke. Sitii. Chumba nilichagua mimi. Nilisema hakisikiki na sikukagua."

"Mama Mayasa, subiri..." alisema Sorin, mkono ameunyoosha. Mayasa aliupiga chini.

Bomba likafungwa.

"Mwari anasikika?" aliuliza Bi Mwatumu.

"Anasikika."

"Wanaume wangapi wamesikia?"

"Huyu. Na wa kwao Ulaya, idadi sijui."

"Basi wewe si somo tena."

"Najua, Bi Mwatumu."

"Kumfunda mwari tena, hapana. Hata wa ndugu yako."

"Nimesikia."

"Na huyo mtu yupo?"

"Yupo. Amekaa."

"Asitoke na mashine hata moja. Nawakusanya wenzangu. Mwanahamisi nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu, usimpigie wewe."

"Njooni," nilisema. "Geti nalifungua sasa hivi."

Nikaichukua karatasi mezani, nikampa Mayasa kalamu amrudishie mwenyewe, nikaenda kufungua geti.