Nyumba ya Mama Yapakwa Chokaa

Dalali alisema nyumba ya kuuzwa haitakiwi kunukia watu. Basi juma zima mimi na kaka yangu Nyaga tulikuwa kijijini kwetu Kanja, tukiondoa harufu ya mama ndani ya nyumba yake, naye mwenyewe akitupikia chai.

Tulipaka kuta chokaa. Tulikata ua wa miiba ya kayaba na kupogoa kahawa ambayo haikuguswa tangu baba afe. Jikoni tulikwangua masizi ya miaka arobaini. Picha za ukutani tulizishusha zote, maana dalali alionya kwamba mnunuzi hapendi kukodolewa macho na wenye nyumba. Mama aliuliza zinakwenda wapi. Nyaga akamjibu kuwa zinakwenda Embu mjini kutiwa fremu mpya, na mama akamwombea baraka.

Hakuna aliyemwambia kuna harusi. Hilo alijiambia mwenyewe, maskini mama yetu Ciakuthii. Kwetu mtu hapaki nyumba rangi ila kwa Krismasi au wakwe wanapokuja, na Krismasi ilikuwa bado mbali. Beth, binti wa Nyaga, alikuwa ameshafika umri wa kuolewa. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alipita kwa majirani akitangaza kwamba wakwe wako njiani.

Nilitaka kumwambia ukweli, naapa. Lakini Nyaga alinivuta nyuma ya zizi akanikumbusha kwamba shamba lina jina la mama, bila kidole chake kwenye mkataba hakuna kitu, na mimi nimeahidiwa duka kule Karurumo. Alisema tumwache mama afurahi kwanza, kuhama atahama baadaye. Nikanyamaza. Nilijichukia, lakini nilinyamaza.

Alhamisi saa nne gari likaingia. Mnunuzi, Bwana Kithinji, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Meru, mtu mpole wa kuvua kofia mlangoni. Alikuja na mkewe na yule dalali. Mama alikuwa amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa, na hakumngoja mtu. Aliwatembeza mwenyewe, chumba kwa chumba. Aliwaonyesha bomba lisilokauka, bati lisilovuja, mikadamia iliyozaa. Alitaka wakwe waone kwamba Beth anatoka boma safi. Dalali alibaki kufuata nyuma akitabasamu, kazi yake ikifanywa bure.

Mke wa Kithinji alipima chumba cha kulala kwa hatua, kisha akamwambia mumewe kwa Kiingereza kwamba jiko lile litabomolewa kwanza. Mama hajui Kiingereza. Alimshika mkono akamwambia hapa sasa ni kwao.

Tulikula mukimo. Halafu dalali akafungua faili, na mama hakushtuka hata kidogo, kwa sababu siku hizi mapatano ya mahari nayo huandikwa na wazee wakatia sahihi. Alinipa mkono wake mwenyewe. Nikashika kidole gumba, nikakigandamiza kwenye wino, nikakibandika mahali dalali aliponielekeza. Mara tatu. Kilikuwa na joto na harufu ya vitunguu.

Mama alijifuta kwa leso, akamgeukia Kithinji kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Sasa baba, hii mtoto mtakuja kuchukua lini?"

"Mtoto gani, mama?"

Kithinji aliweka kikombe chini. Alimtazama Nyaga, kisha akanitazama mimi. Mkewe aligeuza uso dirishani. Mama naye si mjinga. Niliona furaha ikimtoka usoni polepole. Hakumwuliza Nyaga. Aliniuliza mimi, kwa Kiembu, kwa sauti ndogo.

"Wambeti, hiyo karatasi inasema nini?"

Karatasi ilikuwa bado mezani. Kithinji hakuigusa, alikuwa akisubiri jibu langu, na nilijua kwamba nikisema kweli ataiacha papo hapo, apande gari lake aende zake. Nyaga alinikanyaga mguu chini ya meza. Hakukuwa na haja.

"Inasema umembariki Beth, mama."

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaitikia ng'ambo ya mto. Kiembu na Kimeru ni ndugu, na Kithinji alikuwa amesikia kila neno. Alinitazama machoni. Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni.