Mikono Miwili, Friji Moja

Fundi huyu wa friji watu walimbandika jina la Kipimo, naye hakulikataa. Kipimajoto hakuwa nacho. Alikuwa akitia mkono wa kulia ndani ya friji, anafumba macho, anasema, "Iko sawa," na kweli ikawa sawa, miaka ishirini.

Sasa friji ya mama yake mzazi ndiyo iliyomtoa jasho. Ndani yake kulikaa insulini ya mama, na tangu fundi aitengeneze friji hiyo Jumamosi, sukari ya mama ilikuwa inapanda tu, achome sindano asichome. Mpwa wake, muuguzi, akaja na kipimajoto. Kikasoma nyuzi thelathini na tano.

"Dawa imeharibika, mjomba. Friji haina baridi."

"Kibovu hicho kidude chako." Akatia mkono. "Baridi mpaka kwenye mifupa."

"Hebu tia na wa kushoto."

Akatia, ili tu amfunge mdomo. Akaitoa yote miwili, akairudisha. Wa kulia, baridi kali. Wa kushoto, kama ndani ya kabati la nguo. Aibu ilimshika, lakini udadisi uliizidi nguvu.

"Hii imekaaje? Friji moja, mikono yote yangu."

Mpwa akamnusa kiganja cha kulia. "Umepaka nini?"

"Dawa ya kuchua. Vidole vya mkono huu vinaniuma siku hizi. Bibi yako hunichua kila asubuhi kabla sijaenda kazini."

"Ndiyo hiyo. Ncha za mishipa ya fahamu zina vilango vidogo. Baridi ikija vinafunguka, ubongo unapelekewa habari. Dawa yako hii ina mnanaa, nao unafungua vilango hivyo hivyo. Ubongo haujui nani kapiga hodi. Si unajua pilipili inavyounguza mdomo na moto hakuna?"

Alikigeuzageuza kiganja chake. "Kwa hiyo mkono haukunidanganya. Nao wenyewe umedanganywa."

"Wote wawili mmedanganywa, mjomba."

Fundi aliifungua friji, akakuta bomba linavuja gesi, akaliziba na kujaza gesi upya. Kufikia jioni kipimajoto kilisoma nne, na insulini mpya ikaingia.

Asubuhi mama alikuwa kitini, chupa ya dawa ya kuchua mapajani. Hakuwa ameambiwa kitu, na nani angekuwa na moyo wa kumwambia.

"Lete mkono, mwanangu."

"Nakuja, mama."

Akapita kwanza kwenye friji, akasoma kipimajoto. Nne. Akaufunga mlango taratibu, akapiga magoti mbele ya mama yake, akampa mkono wa kulia.