Droo ya Tatu

Lori lilikuwa limeshavuka daraja la pili, mji umebaki mstari wa mabati nyuma yetu, ndipo nikakumbuka kwamba mita ya kupimia umeme nimeiacha mezani. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia, kasha la chuma mapajani. Kasha hilo mke wangu alinipa asubuhi ile kwa mkono wake. "Chukua ya tatu," alisema. "Utairudisha."

Ngoja nieleze hiyo ya tatu ni nini. Mimi na mke wangu tulikuwa mafundi wa redio, chumba kimoja, meza moja. Juu ya meza palikuwa na fremu ya chuma yenye droo nne, na kila droo, kasha kama hilo, ni pawasaplai kamili inayojitegemea, yaani chombo cha kutolea umeme: ina transfoma yake, fyuzi yake, na usoni ina nobu ya kuzungusha. Ukizungusha unapata volti unazotaka, tangu moja na nusu mpaka kumi na mbili. Redio ya mteja inataka tatu, unaipa tatu. Kinanda kinataka tisa, unakipa tisa. Droo moja ikiharibika unaichomoa, zilizobaki zinaendelea na kazi. Na ukiziunganisha zote nne, mkia kwa kichwa, unapata arobaini na nane, ambazo ndizo mitambo ya simu za maofisini inazotaka. Mabati nilipinda mimi. Transfoma alizisuka yeye, na kwa kusuka transfoma sijaona wa kumfikia, nami nimezunguka kuliko upepo.

Alisuka kwa kuhesabu kwa sauti, waya mwembamba ukipita katikati ya vidole. Akianza kuhesabu hasemeshwi, kwa sababu akikosea mzunguko mmoja hujui utakuwa umekosea mingapi. Watu mtaani walilijua hilo. Mteja aliingia, akasalimia, akajibiwa "mia mbili na tisa," akavuta kiti akangoja. Walimwita Mama Hesabu.

Na tulikuwa na sheria yetu. Alama aliyoiweka mmoja, mwenzake haipimi tena. Aliyeisogeza sharti aseme. Bila hivyo tungeshinda tunapimiana kutwa nzima kama watu wasioaminiana. Kwa hiyo asubuhi ile alichukua rangi ya kucha, akatia nukta nyekundu usoni mwa droo, mahali mstari wa nobu unapoelekea volti sita zikiwa kamili. Redio nyingi za njiani hutumia betri nne, na betri nne ni volti sita. Akaniambia hata gizani nitaiona.

Niliaga kwa miezi sita. Nilikaa miaka kumi na moja.

Sina cha kujitetea. Kila mji nilioingia niliambiwa mbele kuna mwingine wenye redio mbovu zaidi, na mimi miguu yangu husikia kabla ya masikio. Niliandika barua. Alijibu tatu za kwanza, fupi, habari za kazi tu. Kisha nikawa naandika bila kujibiwa, kisha nikawa naandika kichwani. Jioni nikiwasha redio ya mtu ili nione kama imepona, nilikuwa namsikia yeye nyuma ya sauti ya mtangazaji, anahesabu. Nimelala vyumba vingi vya kukodi na katika vyote nilihesabu mbao za dari kwa sauti yake mpaka usingizi unichukue.

Mwaka wa pili lori liliingia shimoni, kasha likaanguka, nobu ikachomoka na skrubu yake ikapotea. Nikaibandika kwa gundi humo humo garini, tunayumba. Nilipokuja kupata mita nikakuta mambo yamekwenda upande: mstari ukigusa nukta nyekundu, zinatoka volti kumi na moja badala ya sita. Gundi ilikuwa imeshashika kama jiwe. Nikasema nitairekebisha nikitulia. Basi nikajifunza kuishi nayo. Ukitaka sita, simama kabla ya nukta, upana wa kidole kimoja. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakumbuka. Mwezi wa tatu kidole kilikuwa kinakumbuka chenyewe. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba taabu yenyewe huisikii.

Siku niliporudi ilikuwa saa nne asubuhi. Chumba ni kile kile, mlango umepakwa rangi mpya. Ndani kulikuwa na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, fundi saa, kioo cha kukuzia amekibana jichoni. Na mke wangu alikuwa dirishani, amenipa mgongo, anasuka. Nywele zimeingia mvi. Nikabisha hodi, nikasalimia.

"Mia nne na kumi na mbili," alisema.

Hakugeuka. Lakini mkono ulisita kidogo, nikauona. Kisha akaendelea na kumi na tatu.

Shemeji alinitazama kwa lile jicho la kioo, kubwa kama la bundi. "Shemeji," alininong'oneza, "mimi nilishakulilia. Sasa hayo machozi yangu utanirudishia vipi?" Akanisogezea kiti. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu niseme miezi sita ni sasa hivi tu ametengeneza saa elfu kadhaa, na hakuna hata moja iliyojua sasa hivi yangu ni saa ngapi. Nilicheka, huku macho yangu yako kwenye fremu.

Droo zilikuwa tatu. Nafasi ya ile yangu ilizibwa kwa kadibodi iliyokatwa kwa kipimo, vumbi lisiingie. Shemeji aliona ninapotazama. Alinieleza, sasa bila utani, kwamba watu wa simu walikuja mara mbili na mitambo yao, na mara zote mbili dada yake aliwarudisha, kwa kuwa droo tatu hutoa thelathini na sita tu. Kutengeneza ya nne kungemchukua wiki moja. Hakutengeneza. Aliambiwa, akaombwa, akagombezwa, na jibu lake lilikuwa moja: ile ya tatu iko njiani.

Nilikuja nikitaka kitu kimoja tu, nirudishiwe upande wangu wa meza, na nilikuwa sijui kama bado upo. Kumbe ulikuwa umefunikwa kadibodi.

Alimaliza kwenye mia nane. Akakata waya, akafunga, akageuka. Hatukukumbatiana, hatukuwa watu wa hivyo mbele ya kaka yake. Alinitazama viatu, akapanda taratibu mpaka usoni. Akaniuliza nimekula. Nikasema nimekula, nikasema uongo. Kisha akanyoosha mikono, nami nikajua anataka nini, nikampa kasha.

Alilifuta kwa kanga aliyojifunga kiunoni. Aliiona nukta yake nyekundu, imekwanguka kidogo pembeni, akaigusa kwa kidole, na hapo akatabasamu, mara ya kwanza. Akang'oa kadibodi, akaisukuma droo mahali pake. Ikaingia sawasawa, na ule mlio wa chuma kukaa kwenye chuma sikuwa nimeusikia miaka yote hiyo. Nilikuwa nausikiliza mlio. Ndilo kosa langu, nilikuwa nausikiliza mlio.

Akapanda kwenye stuli, akatoa rafuni redio ya marehemu baba yake. Redio ndogo ya mbao, ya volti sita, ambayo tulikuwa tukiisikiliza kila asubuhi kabla ya wateja. Baadaye shemeji aliniambia kwamba haikuwa imewashwa tangu niondoke. Akaunganisha nyaya. Akazungusha nobu mpaka mstari ukagusa nukta. Hakushika mita. Kwa nini aishike? Alama ni yake.

Ikaimba, nadhani, sekunde mbili. Kwa nguvu, kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji. Kisha kapasita ikapasuka ndani, moshi ukatoka kwenye kitambaa cha spika, na harufu ile ambayo kila fundi anaijua ikajaa chumbani.

Alizima. Akachukua mita, akapima, akasoma. Shemeji alitoa kioo jichoni.

"Nukta hii niliiweka mimi," mke wangu alisema. "Nobu ilisogea lini?"

"Mwaka wa pili."

"Na ulijua."

"Nilijua. Nilizoea."

Akatikisa kichwa polepole. "Wewe ukikosea huwa hurekebishi, mwenzangu. Unazoea. Na mimi hapa nimekaa miaka yote siigusi nafasi ile, nikidhani tunatumia alama moja."

Nilisema nitaitengeneza redio. Alinieleza kwa upole kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena popote, na kwamba nalijua hilo kama anavyolijua yeye. Kisha akachukua bisibisi, akaibandua nobu, akaisafisha gundi kwa wembe, akaifunga upya kwa skrubu, na safari hii akapima. Ile nukta nyekundu akaikwangua yote. Hakuweka nyingine.

"Droo itabaki," alisema.

Nilingoja aseme na mimi je. Alirudi dirishani, akachukua kiini kipya cha transfoma, akafunga ncha ya waya, akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Sikuweza kumsemesha, hata siku ile, sheria ni sheria. Nilikaa. Nilimsikiliza mpaka mia moja, na nikafikiri, kama ni mia nane nyingine, hilo ndilo jibu langu, kwamba niende zangu. Kwenye mia na arobaini miguu ilianza kuwasha. Nikasimama, nikampungia shemeji mkono, nikatoka.

Shemeji aliniandikia mwaka uliofuata. Alisema koili ile aliyokuwa akiisuka ilikuwa ya mizunguko mia mbili tu. Alisema dada yake alikata waya, akageuka na kiti, akakikuta kiti changu kitupu.

Mke wangu alipata kazi ya watu wa simu, droo zote nne zikifanya kazi, na akaifanya mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Sasa anafundisha wasichana wawili kusuka, nao huhesabu kwa sauti. Shemeji macho yalimwisha, akauza vifaa vyake, anakaa mlangoni na kuwauliza wapita njia saa. Redio iko rafuni, haikutengenezwa. Mimi niko mji mwingine, chumba cha juu, natengeneza taa za kuchaji na simu ndogo. Nina mita mbili. Kila chombo nakipima kwanza.