Maneno ya Bombani

Kabla ya kupambazuka, mwiko uligongwa ukingoni mwa sufuria upande wa pili wa ukuta. Ko, ko, ko. Henriette alifumbua macho gizani akasikiliza. Nyumba za Kapata, mtaa wa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, zilijengwa mbili mbili, zimeegemeana mgongo kwa mgongo kama wazee wanaoota jua, na ukuta uliozitenganisha haukuwahi kuficha kitu. Kikohozi kilipita, kilio cha mtoto kilipita, na ugomvi wa mume na mke nao ulipita. Kwa miaka mingi aliujua mkono wa jirani yake kwa mwiko wake. Bilonda aligonga mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mjadala. Mkono huu wa sasa uligonga kwa woga, kama mgeni anayebisha hodi katika nyumba ambayo amekwisha kuingia.

Bilonda hakuwapo. Yeye na mumewe, Badibanga, walikuwa kwenye stesheni ya Kolwezi pamoja na Wakasai wengine wasio na idadi, wakilala chini ya maturubai na kungoja treni ya kuwapeleka Kasai, jimbo walikotoka wazazi wao. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Migodi ilikuwa imelegea, mishahara imekatika, na njaa ilipoanza kutafuta mtu wa kumlaumu, ilionyeshwa mlango wa jirani. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na virungu na matawi mabichi, wakiimba kwamba kila mtu arudi kwao. Bilonda alizaliwa papo hapo Kolwezi. Kasai aliijua kama mtu anavyoijua mbingu, kwa kusimuliwa.

Kaya hizo mbili zilikuwa na desturi yao. Waluba wa Kasai na Waluba wa kaskazini mwa Katanga, kwao Henriette, husema babu yao ni mmoja, na wana wa babu mmoja wana ruhusa ya kutukanana. Basi kila asubuhi bombani, mbele ya wanawake na watoto na ndoo zao, Henriette ndiye aliyeanza.

“We Mukasai, haujarudi tu kwenu?”

Na Bilonda, bila kugeuza hata shingo, akauchokoza ugali wake: “Nikirudi, nani atakufundisha kupika bukari? Yako inalia mu meno sawa muchanga.”

“Heri muchanga. Yenu ni jiwe ya mugodi.”

“Na ninyi batu ba ku maziwa, mukikaanga samaki moja munafunga dirisha, jirani asisikie harufu.”

Bomba zima lilicheka. Asubuhi ambayo hawakutukanana ilikuwa ile tu ambayo mmoja wao ni mgonjwa au amefiwa.

Henriette aliinuka, akawasha mkaa. Alikuwa amelala na neno moja kifuani, na aliogopa kwamba kukikucha kabisa litamponyoka. Mwanawe Stany alipotoka chumbani akaketi na kikombe cha chai isiyo na sukari, alimwambia.

“Stany, mwana wangu. Tata Badibanga eko anakohoa damu. Wakimupandisha mu wagoni ya wazi, na hii mvua, hatafika. Bale benzako banakusikia. Uwaambie bamuache arudi, alale mu chumba changu mpaka apone. Yeye na bibi yake. Mi nitalala jikoni.”

Stany hakuwa kijana mkorofi. Alikuwa fundi, mtu mzima, ambaye mikono yake ilikuwa imekosa kazi ya kushika. Mwenyewe alisema hakumpiga mtu. Alisimama tu na wenzake. Alimpisha mama yake kiti kabla ya kumjibu, na Henriette aliuona wema huo, akaupokea.

“Haiwezekani, mama.”

“Juu ya nini?”

“Ni Bakasai. Baende kwao.”

“Kwao ni wapi? Bilonda alizaliwa hapa, wewe haujazaliwa bado. Siku nilikuzaa, ni yeye alikubeba wa kwanza. Mi mwenyewe nilikupata kutoka mu mikono yake.”

Stany alimtazama. Machoni mwake hamkuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Henriette. Mlikuwa na mshangao wa kweli, mshangao wa mwanafunzi anayekemewa kwa kulijua somo.

“Lakini mama, si ni wewe ulikuwa unamuambia? Kila asubuhi, pale ku bomba. Mi nilikuwa mutoto, nashika ndoo yako, nasikia. Mukasai, rudi kwenu. Na bamama bote banacheka.” Aliweka kikombe chini taratibu. “Sasa anarudi, na unalia.”

“Ile ilikuwa utani, Stany.”

“Hakuna mutu alituambia.”

Alitoka. Henriette alibaki amekaa na mwiko mkononi, na uji ukashika chini. Nani aliwahi kumkalisha mtoto na kumfundisha utani? Utani huachwa aushike mwenyewe, kama anavyoachwa ashike kutembea. Yeye na Bilonda walijua kwamba kile “kwenu” hakikuwapo popote, na kwa sababu hakikuwapo, kilichekesha. Mtoto aliyesimama na ndoo alisikia maneno tu, akayaweka mahali ambapo watoto huweka maneno ya mama zao. Na bombani hakusimama Stany peke yake.

Siku hiyo alizunguka Kapata kwa miguu yake yenye uvimbe. Aliingia jikoni kwa akina mama waliokuwa wakisali naye parokiani, jiko baada ya jiko, na kote akaketi akasema lile lile: hawa ni jirani zetu, twende wote stesheni, wanawake peke yetu, na sufuria zetu, vijana hawawezi kuwapiga mama zao. Hakuna aliyembishia. Mmoja alilia. Mwingine alimshika mikono yote miwili akasema, “Mama Stany, uko na haki. Kesho alfajiri, tukutane ku bomba.” Na wengine wakasema, kesho, ku bomba.

Alfajiri ya kesho yake alifika wa kwanza. Ndoo zilikuwa zimekwisha kupangwa foleni tangu usiku, kama ilivyokuwa kawaida maji yalipokuwa haba, moja nyuma ya nyingine, wenyewe hawapo. Alisimama kando yao. Kukapambazuka. Milango ilifunguka kidogo, ikajifunga. Msichana mmoja alikuja akavuta ndoo ya mama yake bila kumtazama, akaenda zake. Henriette alingoja mpaka jua likampiga usoni, amesimama kati ya ndoo kama mchungaji wa kundi lisilo na masikio.

Juu ya kifuniko cha ndoo moja palikuwa na kifurushi: unga, chumvi kidogo, kipande cha sabuni, vimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Alikijua kile kitenge. Hakulitaja jina la mwenyewe hata moyoni, asije akalisikia mtu. Alikichukua. Ulikuwa wema, na alijua uzito wake; alijua pia kwamba ungeingia wote katika sufuria moja.

Aliporudi kuchukua bukari aliyopika, yule mwanamke aliyekuwa sasa akikaa nyumbani kwa Bilonda alimngoja uani, mtoto mgongoni. Jina lake Elise, mtu wa Kasaji, mji wa huko huko Katanga. Vijana ndio waliompa ufunguo. Mikononi alishika blanketi lililokunjwa.

“Mama, hii nilikuta mu chumba. Si yangu. Nimeifua.”

Henriette alitaka kumchukia, akakosa pa kushikia. Alilipokea blanketi akasema asante.

Kutoka Kapata hadi stesheni ni mbali kwa mwanamke wa umri wake. Aruna, mtu wa Maniema aliyebeba mizigo ya wachuuzi kwa baiskeli, alimkuta barabarani, akashuka bila kuulizwa, akampakia nyuma na vyombo vyake. Kwenye kizuizi, vijana waliwasimamisha, mmoja akamwita kama bibi yake mzaa mama.

“Kambo, unaenda wapi na bukari asubuhi yote hii?”

“Ni mama mukwe wangu,” Aruna akadakia. “Mukitaka kumuuliza, mumuulize ninyi. Mi mwenyewe namuogopa.”

Walicheka wakainua mti. Kicheko kiliwafungulia njia, na Henriette, ameshikilia tandiko la baiskeli, akajiuliza ni njia ngapi nyingine kicheko kimewahi kufungua.

Stesheni haikuwa stesheni tena. Ilikuwa mji uliomwagwa chini: magodoro, cherehani, mabati yaliyong'olewa, kuku waliofungwa miguu, moshi, na matope yaliyokanyagwa hadi yakawa kama uji. Mtawa mmoja alikuwa akigawa maji kwa kikombe na kumwita kila mzee kwa jina. Bilonda alikuwa ukingoni mwa reli. Badibanga alilala juu ya mlango wa chumba chao, ambao Bilonda aliung'oa bawabani kwa mikono yake ili mumewe asilale matopeni.

Bilonda aliinua uso. Kwanza alitazama nyuma ya mgeni wake, barabarani, kuona kama kuna wengine.

“Umekuja peke yako?”

“Kuna matope sana mu barabara,” Henriette alisema, na uongo ule aliusema kwa ajili ya wanawake wote wa Kapata.

Walimlisha Badibanga kwa vidole, kidogo kidogo. Alimeza mara mbili, akakohoa, akaomba radhi kwa kukohoa. Henriette alimfunika blanketi. Bilonda alivuta pembe yake akainusa.

“Imefuliwa.”

“Kuna mama mumoja wa Kasaji. Eko mu nyumba yako.”

Bilonda aliinama. Alilikunja lile pindo chini ya miguu ya mumewe, akalilainisha, akalikunja tena.

“Umuambie paa inavuya juu ya jiko,” alisema mwishowe. “Asiweke unga pale.”

“Mama Mbelu.” Henriette alimwita kwa jina la binti yake, kama walivyoitana siku za msiba. “Turudi. Mulale kwangu.”

“Kwako eko Stany.”

Haikuwa lawama. Ilikuwa kama kusema mvua itanyesha.

“Stany eko,” Henriette alikubali. Hakuwa na kingine cha kutoa. Unga ulikwisha kukabidhiwa, bukari ilikwisha kulika, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani, mitupu, kama vyombo vya mtu mwingine. Hapo ndipo lile swali lilipotoka.

“Ile maneno yangu ya ku bomba. Ilikuwa inakuuma?”

Bilonda aligeukia mawe matatu ya jiko lake. Alipuliza moto, akampangusa mumewe jasho. Angeweza kusema hapana. Ni neno dogo, na lingemtosha Henriette maisha yake yote. Wote wawili walilijua hilo.

“Siku zingine,” alisema.

Henriette aliitika kwa kichwa.

“Siku zile batu balikuwa banacheka sana,” Bilonda akaendelea, akitazama moto. “Nilikuwa nafika ku nyumba, naweka ndoo chini, nasimama kidogo. Kisha inapita.” Alisukuma kuni. “Na kuna siku nilikuwa naamka juu ya ile tu. Tata Badibanga atakuambia. Nilikuwa nalala natafuta tusi ya kesho.”

Upande wa juu wa reli mtu alipiga kelele kwamba treni imeonekana. Watu waliinuka wote kwa pamoja, wakabeba watoto, wakashika mizigo, na Badibanga akajaribu kuinua kichwa. Henriette alimshika Bilonda mkono. Walisimama hivyo, wakitazama mahali reli zinapokutana. Hapakuja kitu. Polepole watu wakaketi tena, kila mmoja juu ya mzigo wake, na mtawa akarudia kugawa maji.

Aruna alipiga kengele ya baiskeli kwa mbali, mara moja, kwa adabu. Wingu lilikuwa limeshuka, na mvua ikishanyesha, vijana wa kizuizini hawangempitisha mtu. Henriette alikusanya sufuria. Alitaka kusema neno la kuagana, akaona kwamba maneno yote aliyokuwa nayo kwa mwanamke huyu yalikuwa ya namna moja, yale ya bombani.

Bilonda alimshika ncha ya kitenge, kama mtoto anavyofanya.

“Mama Stany,” alisema, “kesho utakuja tena kunitembelea?”