Maji ya Dahiba

Hajati Nabra hajawahi kukiri kwamba analala mchana. Ukimkuta amefumba macho atakwambia anapumzisha kope, na ukimcheka atakukumbusha kwamba yeye ni Mnubi wa Misri, na Wanubi walijua saa ya kulala na ya kuamka kabla saa hazijaletwa. Leo amekula samaki na mkate, jua la Kom Ombo limekaa juu ya paa la saruji kama mgeni asiyetaka kuaga, na binti yake Shadia ameosha vyombo, sasa anajaza mtungi wa udongo ulio nje ya mlango, ule wa kuwanywesha wapita njia. Nabra amejilaza chumba cha nyuma. Ni kope tu, anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Anasikia kata ikigonga mdomo wa mtungi, ko, ko, kisha mlio unarefuka, unavimba, si kata tena, ni honi ya meli. Anaijua honi hiyo. Ndiyo iliyolia asubuhi walipohamishwa, kabla bwawa kubwa halijajaa na kuvifunika vijiji vyao vyote. Alikuwa binti wa kuanza kusukwa nywele za kikubwa, na mama yake, Dahiba, alikuwa amezikwa msimu wa tende uliotangulia. Kwao kaburi haliachwi hivi hivi. Kichwani pa marehemu huwekwa bakuli la udongo, na aliye hai hulijaza maji, ili aliyelala asilale na kiu. Asubuhi ile kijiji kizima kilikwenda makaburini kulia na kujaza mabakuli kwa mara ya mwisho. Nabra aliliona bakuli la mama lina vumbi, akalichukua kwenda kulisuuza mtoni, na hapo hapo honi ikalia, baba akamshika mkono akamvuta kuelekea melini. Aligeuza shingo tu, akapaza sauti: Naja, mama, naja sasa hivi. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Bakuli lilibaki mkononi mwake, na tangu siku hiyo liko naye, hata sasa liko juu ya kigoda karibu na kichwa chake. Wote waliojua kaburi la Dahiba liko wapi wamekwisha kufa. Amebaki yeye peke yake, na magoti yenyewe ndiyo haya.

Honi inalia tena. Nabra anainuka, na magoti hayaumi, jambo ambalo lingemshtua kama angekuwa macho. Analichukua bakuli na kulikuta limejaa maji hadi ukingoni, maji baridi ya mtoni yenye harufu ya tope. Moyo unamruka. Leo nampelekea, anasema, leo mama atakunywa. Anafungua mlango akitarajia kuona zile nyumba za serikali zilizopangwa mistari, zote sura moja, ambazo mlevi akirudi jioni huingia kwa mke wa jirani na kudai chakula. Haoni nyumba. Anaona barabara ya mchanga inayokwenda mpaka macho yanachoka, na kando yake barabara nyingine kama hiyo hiyo, na nyingine tena, na zote zinasogea polepole anapozitazama, kama mikeka inayovutwa na mtu asiyeonekana. Katikati ya barabara hizo amesimama mwanamume mwenye kitambaa cheupe kiunoni, bega moja mbele na miguu ikitazama upande, jinsi watu walivyochongwa kwenye kuta za mahekalu. Uso hana. Mahali pa uso pamepigwa patasi hadi pakawa sawasawa. Nabra hamwogopi, amewaona wengi wa namna hiyo utotoni, alicheza mwajificho nyuma yao. Salamu aleikum, baba, anasema, kwa Dahiba ni njia ipi? Ni yoyote, anajibu yule mtu, na sauti yake inatoka kifuani. Ni mbali? Kwa mwenye bakuli lililojaa ni mbali, kwa mwenye bakuli tupu ni karibu. Nabra anasonya. Mimi nimekuuliza njia, anasema, sikukuuliza vitendawili. Yule mtu anatangulia, na Nabra anamfuata, bakuli amelishika kwa mikono miwili, macho yameganda kwenye maji.

Wanaingia mji ambao nyumba zake zina sahani zilizopachikwa ukutani juu ya milango, kama nyumba za kwao za zamani, na Nabra anataka kulia kwa furaha, mpaka anapoona kwamba kila sahani ni kioo, na ndani ya kila kioo kuna mji huo huo umepinduka, mitende ikining'inia mizizi juu, na wanawake wanapita na ndoo vichwani bila kumwaga. Anajitazama katika kioo kimoja, naye amepinduka. Anaambaa na kuta, anakata kona, na ile kona inamrudisha alipoanza, isipokuwa sasa kuta zimekuwa za kaburi la mkubwa fulani wa kale, zimejaa picha: ng'ombe wanaopelekwa, bata waliofungwa miguu, mikate imerundikwa, mitungi ya bia imepangwa. Mwanamke aliyechorwa kwenye karamu, nywele za bandia zimemfika mabegani na ua amelisogeza puani, anageuza kichwa. Dada, anasema, nigawie tone. Nabra anashangaa. Wewe una mitungi yote hiyo mbele yako, unaniomba mimi? Imechorwa, anasema yule mwanamke. Waliniandikia mikate elfu na bia elfu, na waliahidi atakuja mtu wa kumimina maji kila sikukuu. Walikuja wanangu, wakaja wajukuu, kisha hakuja mtu. Rangi hainyweki, dada yangu. Nabra anayatazama maji yake. Angependa kusema hapana. Neno liko mdomoni, limeiva kabisa, lakini mkono umekwisha kuinuka. Ni Dahiba aliyemfundisha hivyo, kwa makofi mepesi ya mgongoni na maneno yale yale kila siku: anayeomba maji haulizwi jina, haulizwi dini, wala haambiwi ngoja. Bakuli linainama lenyewe. Yule mwanamke anakunywa kidogo, kwa heshima, anafuta midomo na kurudi kwenye ukuta. Maji yamepungua. Nabra anamgeukia kiongozi wake asiye na uso na kumwambia twende upesi, na yule anasema tumekwisha kuwa karibu zaidi.

Barabara zinasogea, mchanga unapanda, na mbele yake kunatokea shimo refu lisilo na mwisho, limejaa wanaume walioinama. Ni wakulima wa Misri, maelfu, wanachimba mfereji kwa mikono, wanabeba udongo ndani ya kanzu zao, na msimamizi mwenye mjeledi anatembea ukingoni akihesabu vichwa. Nabra anawajua kwa simulizi za bibi yake, ni wale waliokusanywa vijijini kwa nguvu. Anataka kupita kimya kimya, amelificha bakuli chini ya mtandio kama mwizi, anaona aibu mwenyewe. Mmoja anainua macho. Ana midomo iliyopasuka na lafudhi ya Wasaidi, watu wa Misri ya juu. Shangazi, anasema, tunaziunganisha bahari mbili, huku bahari na kule bahari, na katikati hatuna hata la kulowesha ulimi. Nabra anasema, mwanangu, haya ni ya marehemu. Yule mkulima anacheka bila sauti. Sisi hapa unatuonaje, shangazi? Anauchukia mkono wake, anaushika kwa mkono wa pili, na mkono wa pili nao unasaidia kumimina. Mkulima anakunywa funda moja na kumpa aliye nyuma yake, na huyo mwingine, na bakuli linapotea mbele ya macho yake, linakwenda kichwa hadi kichwa ndani ya shimo. Nabra anakimbia ukingoni akipiga kelele, jamani, mama yangu, mama yangu hajanywa! Hakuna anayempinga. Wote wanasema pole, shangazi, pole sana, na wote wanakunywa. Linaporudi lina maji ya kulowesha kiganja.

Sasa analia waziwazi. Analia kwa hasira, na anamtukana kiongozi wake, anamwambia kama ungekuwa na uso ningekuzaba kofi. Anapita mlimani ambako hekalu la mfalme wa mawe limekaa kavu, limetulia, na hasira inamzidi. Mfalme huyu wanamjua wote: maji yalipokuwa yanakuja mataifa yalichanga, mafundi wakaja na misumeno na winchi, wakamkata vipande wakampandisha huku juu, pua yake na masikio yake, kila kipande na alama yake. Na mama yangu? anamuuliza mfalme. Mama yangu hamkuona hata kamba ya kumfungia? Mfalme anatazama ziwa juu ya kichwa cha Nabra. Chini ya miguu yake ya mawe ameketi askari, buti zimejaa mchanga, sare imekaukia mwilini. Huyu Nabra hahitaji kuambiwa. Ni mmoja wa wale waliorudi kwa miguu kutoka Sinai baada ya vita kuharibika, wale ambao wengi wao hawakufika. Askari haombi. Hana tena sauti ya kuomba. Anatazama bakuli tu, na macho yale ni ya mtoto wa mtu, ambaye mama yake mahali fulani ameacha mlango wazi. Nabra anajua kwamba hili ndilo tone la mwisho. Anapiga magoti. Nisamehe, mama, anasema, na hata yeye hajui amewaambia mama wangapi. Anamwekea askari bakuli mdomoni.

Anapoinuka, bakuli ni tupu, na hapo hapo amefika. Hakutembea hata hatua. Mlima umeondoka, kiongozi ameondoka, na juu yake liko ziwa lote, kijani, zito, na mwanga wa jua unacheza juu kabisa mahali asipoweza kufika. Amesimama katika makaburi ya kijiji chao, kila kaburi na bakuli lake, na moja tu halina. Mwanangu, inasema sauti chini ya changarawe, sauti ileile iliyokuwa ikimwita jioni aache kucheza. Umesema unakuja sasa hivi. Nabra anaanguka kifudifudi. Nimekuja, mama. Na bakuli? Nimelileta. Basi niwekee maji. Nabra anainua bakuli juu na kuchota kutoka ziwani, lote lile limemzunguka, liko puani, liko kwenye nywele, na bakuli linatoka kavu. Anachota tena. Kavu. Anachota kwa mikono, kwa mtandio, anakamua mtandio na hakudondoki kitu. Mama, haya maji yana nini? Haya yaliletwa juu yangu, anasema Dahiba, hayakuletwa kwangu. Yale uliyokuja nayo yako wapi? Nabra anamweleza, huku meno yanagongana, anamtaja mwanamke wa ukutani, na wakulima, na askari. Vizuri, anasema mama yake, na kwa sauti hiyo Nabra anajua kwamba mama anamaanisha. Umefanya kama nilivyokufundisha. Kisha, taratibu, bila lawama yoyote: Lakini nina kiu, Nabra.

Anafumbua macho. Kinywa kimekauka, ulimi umegandamana na kaakaa. Amelala chali, na magoti hayaumi. Juu yake kuna dari, au kitu cha rangi ya dari, na mwanga unacheza hapo, unatanuka na kukunjamana, jinsi mwanga unavyocheza ukitazamwa kutoka chini ya maji. Labda ni beseni la Shadia uani linalorudisha jua. Bila shaka ni beseni. Anataka kugeuka ahakikishe na mwili haugeuki, ila jicho linafika pembeni, na karibu na kichwa chake liko bakuli la udongo, tupu, na vumbi ndani. Shadia, anaita. Hajui kama ametoa sauti. Shadia, maji. Mahali fulani mbali, nje ya ukuta au juu ya changarawe, kata inagonga mdomo wa mtungi, na moyo wake unatulia kidogo, amesikiwa. Nyayo zinaanza kuja. Kisha sauti ya mgeni mlangoni inaomba maji, nyayo zinageuka, na Nabra anaisikia kata ikishuka tena. Amemaliza huyo. Anasikia mwingine akisalimu, na nyuma yake mwingine, sauti nyingi zenye vumbi, na Shadia anamkaribisha kila mmoja, hamuulizi mtu jina, wala hamwambii mtu ngoja, kama alivyofundishwa na mama yake. Nabra anajaribu kumeza mate na hayapo. Angependa kumwita kwa hasira, na anashindwa hata hasira yenyewe. Kata inagonga, inagonga, mtungi unaanza kutoa mlio wa kitu kinachokaribia kuisha, na kutoka huko mbali binti yake anageuza shingo na kupaza sauti: Naja, mama, naja sasa hivi.