Lami Hadi Mkuu

Baiskeli zilikuwa zimeshafungwa hema, blanketi na maji. Kilichobaki ni kuamua njia. Wangeweza kushika lami, Himo, Marangu, mpaka Mkuu kule Rombo. Au wapande Uru, wakate huko juu kwa barabara ya vumbi, katikati ya migomba na kahawa, ndipo watelemkie Marangu.

"Tupite juu," Krunal alimwambia Primus. "Nimsalimie mama yako. Jumapili napanda ndege, kaka, na sijawahi kufika kwenu."

Kweli, hakuwahi. Tangu wako sekondari Primus alikuwa akila kwa kina Krunal, nyuma ya duka lao la vipuri pale mjini, mpaka akazijua dengu zao kwa harufu tu. Sasa duka limeuzwa, familia nzima inahamia Kanada, na Krunal hajui hata mlango wa kwa kina Primus una rangi gani.

Shida ilikuwa mbuzi. Mama yake, Mama Theopista, alishaambiwa kwamba huenda mgeni atapita, na Primus aliwajua watu wa kwao: mgeni wa maana huchinjiwa. Krunal naye hajaonja nyama tangu azaliwe. Primus akaiona aibu yote kabla haijatokea: mama anasogeza bakuli la supu, Krunal anakodoa macho, mama ananuna kwamba chakula chake kimedharauliwa. Angefungua mdomo tu amweleze mama, yakaisha. Lakini mtu mzima na ndevu zake akaona uongo ndio rahisi.

"Huko juu mvua imenyesha juzi," alisema. "Tope tupu. Tairi zitazama."

Krunal akaamini. Nani ambishie mtoto wa Uru kuhusu matope ya Uru?

Wakashika lami. Karibu na Himo malori yaliwasukuma pembeni mara kwa mara, na hata kuzungumza hawakuweza, mmoja nyuma ya mwenzake. Walifika Mkuu mapema mno, wakapiga hema, wakakaa hawana la kusimulia.

"Njia nzuri," Krunal alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Primus kuliko tusi.

Jumapili Krunal akaondoka.

Wiki iliyofuata Primus alipanda Uru kwa baiskeli ileile. Barabara ilikuwa imekauka kau, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni wetu yuko wapi?"

"Alishasafiri. Tulipita lami, mama. Tulisikia huku kuna tope."

Mama Theopista aliangalia zile tairi, nyekundu kwa vumbi. "Mahindi yanakufa kwa jua, mwanangu. Tope la wapi?"

Aliingia jikoni, akatoka na sufuria mpya inayong'aa.

"Nilishuka mjini nikamuuliza dada yake, yule Khyati, huyu kaka yako anakula nini. Akaniambia nyama hali, wala sufuria iliyopikiwa nyama haitaki. Nikanunua hii. Nikamwomba asimwambie, iwe furaha ya ghafla. Nikapika kiburu, ndizi na maharage, basi. Nikakaa pale barabarani mpaka giza. Kikachacha, tukawapa nguruwe."

Khyati lazima ameshamwambia Krunal kwamba alikuwa ameandaliwa chakula, Primus aliwaza. Ndiyo maana Krunal, tangu afike Kanada, hajajibu ujumbe wake hata mmoja. Aliona haya.

"Niliogopa utamchinjia mbuzi," alisema.

"Si ungeniambia!" Mama hakugomba. Afadhali angegomba. "Mimi nimekaa na watu wa kila aina sokoni, nishindwe na kijana mmoja asiyekula nyama?"

Akaigeuza sufuria mikononi, akatafuta doa asilione.

"Haijaguswa na nyama mpaka leo, nimewakataza wote humu ndani. Atarudi lini?"

"Harudi, mama," Primus alisema, na safari hii ilikuwa kweli.

Mama Theopista akaifuta sufuria kwa ncha ya khanga, akarudi jikoni, akaitundika peke yake, mbali na nyingine.